Kutoka Mwaloni hadi Ndabaka: kuwatafuta tumbusi

Ijumaa. Kirumba, Mwanza

Mitumbwi ya dagaa imeshashusha, wachuuzi wanagombania ndoo, na juu ya mapaa ya mabati wamejipanga wale ndege warefu wenye vipara wakingoja utumbo wa samaki. Shemeji yangu, mwalimu wa baiolojia kwenye sekondari moja huku Nyakato, amenileta Mwaloni makusudi kabla hatujaondoka. Anataka tumalize ubishi hapahapa mjini. Hawa ambao nusu ya Mwanza inawaita tumbusi ni korongo, wale wenye mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya shingo.

Kufanana kupo, sikatai. Korongo huyu anakula mzoga, kichwa chake hakina manyoya, na akikunjua mabawa yanapita mita mbili na nusu. Ule weupe wa miguu yake si rangi ya kuzaliwa nayo. Anajinyea miguuni kwa makusudi, unyevu ukikauka unampooza. Lakini mtazame mdomo wake, mrefu na umenyooka, wa kudona na kuokota. Kuchana ngozi ya mnyama mkubwa hawezi. Porini husimama pembeni ya mzoga akingoja wengine wachane, halafu anapokonya.

Mama mmoja anayeanika mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, alitusikia tukibishana akacheka. "Hao ni bwana afya wetu," alisema. "Wasingekuwepo hapa pangenuka hadi Ghana." Alimaanisha mtaa wa Ghana, Ilemela, si nchi.

Shemeji alisema jambo ambalo nililiandika kwenye daftari palepale, kwa sababu safari yote ilikuja kulizunguka. Korongo anakula chochote. Mapanki, dagaa walioharibika, panya, chura, matumbo ya machinjioni, hata taka ambazo sijui anazimeng'enyaje. Hutaga mayai mawili au matatu na hujenga viota vingi kwenye mti mmoja katikati ya mji bila kujali kelele. Kwa hiyo binadamu tukijaa, yeye anashiba. Tumbusi anahitaji mnyama mkubwa aliyekufa mahali pa wazi, na hutaga yai moja. Ndiyo maana mjini kwetu humwoni, na lazima tupande basi.

Jumamosi. Mwanza hadi Lamadi

Tumeondoka stendi ya Nyamhongolo. Igoma, Kisesa, Magu, halafu barabara inashikana na ghuba ya Speke na ziwa linakaa mkono wa kushoto karibu muda wote. Nilitaka tuondoke alfajiri. Shemeji alinikatalia: "Shem, tumbusi mwenyewe haamki mapema. Unakimbilia nini?"

Sababu ni uzito. Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye ndiye tunamfuata, ana kilo nne hadi saba na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita mbili kidogo. Mwili huo ukitaka kuurusha kwa kupigapiga mabawa siku nzima utachoka kabla ya kupata chakula. Kwa hiyo anakaa mtini hadi jua lichome ardhi na hewa ya moto ianze kupanda. Hapo anajitupa, anaizungukia ile hewa, inamnyanyua. Akifika juu ya kutosha anateleza kuelekea anakotaka, akishuka polepole, hadi akute hewa nyingine inayopanda. Saa nzima anaweza kwenda hivyo bila kupiga bawa isipokuwa mara chache. Kimsingi, kwake ni jua linalofanya kazi ya mafuta.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja kuhusu ziwa letu. Mchana maji hubaki baridi kuliko nchi kavu, na juu yake hewa hainyanyuki kwa nguvu. Ndege wanaosafiri kwa kuelea hawapendi kukatiza maji mapana, maana wakiishiwa kimo katikati hakuna cha kuwainua. Furukombe wapo tele kwenye miti ya ufukweni, mwewe wapo kila bandari, lakini hao wana mbinu nyingine za kuishi. Kwa tumbusi, ghuba ya Speke ni kama ukuta.

Baada ya Magu mwenzangu alianza habari za tumbusi wa Rüppell, ndugu wa mgongo-mweupe, mkubwa zaidi, kilo saba hadi tisa. Tarehe 29 Novemba 1973 ndege ya abiria iligongana na mmoja wao juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Injini moja iliharibika, ndege ikatua salama. Manyoya yaliyobaki yalipelekwa kuchunguzwa, na ndiyo yaliyothibitisha ni nani. Hakuna ndege mwingine aliyethibitishwa kufika juu hivyo. Damu yake ina aina ya himoglobini inayoshika oksijeni kwa nguvu hata pale ambapo wewe na mimi tungezimia. Abiria wa kiti cha mbele alikuwa anasikiliza yote haya. Mwishowe aligeuka akauliza kama huyo ndege analiwa. Shemeji alijibu kwa adabu kuwa hapana.

Lamadi tumefika mchana. Mji wa barabarani, mkoa wa Simiyu, pikipiki nyingi, sato wa kukaanga wazuri. Tumepata dereva wa kesho, kijana anayejua njia za kanda ya magharibi kuliko ramani. Usiku mbu.

Jumapili. Ndabaka

Lango la Ndabaka lipo kando ya lami ya Mwanza na Musoma, na hilo bado linanishangaza. Upande mmoja malori ya mizigo, upande wa pili Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kanda ya magharibi ya hifadhi inanyooka hadi kulikaribia ziwa, na mito ya Mbalageti na Grumeti inapita humo kabla ya kumwaga ghubani. Ni mwezi wa sita, nyumbu wanapita upande huu wakielekea kaskazini. Udongo mweusi wa mbuga umeshakauka, gari linapita. Ingekuwa masika tungekuwa bado tunasukuma.

Hadi saa tatu asubuhi hatukuona hata mmoja angani. Tuliwaona mitini, kwenye mgunga mkavu, wamejikunyata mabega juu. Saa tatu na nusu wakaanza kujitupa mmojammoja. Kwa darubini nilikiona kile kiraka cheupe mgongoni kwa chini, karibu na mkia, kinachowapa jina. Kinaonekana vizuri ndege anapogeuka na jua likampata.

Wamepanda hadi wakawa vinukta. Dereva akasema tusiwafuate, tungoje mmoja ashuke.

Tulingoja, na wakati wa kungoja mwalimu alifundisha. Tumbusi wa Afrika hawatafuti mzoga kwa pua. Wapo ndege wala mizoga wa Marekani wanaonusa, lakini wa kwetu wanategemea macho, na si macho yao tu. Kila mmoja angani anatazama ardhi na pia anamtazama jirani yake. Anatazama hata ndege wa jamii nyingine, hasa tai pungu, ambaye huruka chini zaidi na mara nyingi huwahi kuona mzoga mdogo. Jirani akikunja mabawa na kushuka kwa kasi, wa upande huu naye anakuja kuona kuna nini. Wa mbali zaidi anamwona huyu wa pili akishuka, anakuja. Taarifa inasambaa angani kwa kilomita nyingi bila sauti. Mzoga uliokuwa peke yake unaweza kuwa na ndege hamsini kabla hujamaliza kunywa chai.

Na ndivyo ilivyokuwa, ila sisi chai tulikuwa tumeimaliza. Dereva aliwasha gari ghafla. Kulia kwetu, mbele ya kichaka, ndege walikuwa wanashuka na miguu imening'inia, wengi, kutoka pande zote.

Alikuwa nyumbu dume, mzima mzima, hana jeraha la simba wala chui. Pengine ugonjwa, pengine uchovu. Hili nilikuwa silijui: tumbusi hawa hawaishi kwa mabaki ya simba kama wengi tunavyodhani. David Houston, aliyewachunguza Serengeti miaka ya 1960 na 1970, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya nyama yao inatoka kwa wanyama wanaokufa wenyewe, kwa maradhi, njaa au ajali, ndani ya yale makundi yanayohama. Simba anakula alichokiua na hana haraka ya kuondoka. Mzoga usio na mwenyewe ndio karamu halisi.

Lakini walikuwa wamekwama. Ndege kama thelathini wamezunguka chakula na hawali. Mgongo-mweupe ana shingo ndefu na mdomo wa kuvuta nyama laini, si wa kufungua ngozi nene. Waliweza kuingia machoni, mdomoni na chini ya mkia tu. Wawili walikuwa wameshikana huko nyuma wakitukanana kwa ile sauti yao ya kukwaruza, nusu kuzomea, nusu mlango wenye kutu.

Halafu wakaja tumbusi wakubwa, wawili, dume na jike. Wataalamu wanamwita *Torgos tracheliotos*. Uso wa waridi, mikunjo ya ngozi pembeni mwa kichwa, mdomo mnene unaotisha, mabawa yanayoweza kupita mita mbili na nusu kwenda karibu na mita tatu. Mara nyingi hutembea wawiliwawili. Walitua pembeni wakaja kwa miguu, wameinamisha vichwa na kuinua manyoya ya mgongo, na umati wote ukafungua njia. Sijaona mwenyekiti wa kijiji akipishwa hivyo. Mmoja alipanda juu ya mbavu, akashika ngozi ya tumbo, akavuta kwa mwili mzima. Ikapasuka.

Kilichofuata hakielezeki kwa heshima. Mgongo-mweupe waliingia ndani ya nyumbu. Kichwa, shingo yote, hadi mabegani, wanatoka wamelowa damu. Hapo kipara kinajieleza chenyewe: manyoya kichwani yangebaki na uchafu usiofikika kwa mdomo, ngozi tupu inakauka juani na kuwa safi. Pia inasaidia kupoza au kutunza joto, kutegemea amejikunyata au amenyoosha shingo. Ulimi wao una miiba midogo iliyoelekea ndani, kwa hiyo kipande kikishaingia mdomoni hakirudi. Wanameza haraka na kujaza mfuko wa chakula kooni hadi unachomoza mbele ya kifua.

Mwaka 1967 Hans Kruuk aliandika kuhusu jinsi jamii sita za tumbusi wa nyanda hizi zinavyogawana mzoga mmoja. Wapo wachanaji, kama wale wawili wakubwa. Wapo wavutaji wa nyama laini, yaani mgongo-mweupe na yule wa Rüppell. Na wapo wadonoaji wadogo wenye midomo myembamba wanaookota vipande vilivyorushwa na kusafisha mifupa. Nilipoisikia mara ya kwanza niliiona nadharia ya darasani. Leo niliiona yote mbele ya gari, hata yule mdogo mwenye uso mwekundu akirukaruka pembezoni na kunyakua vilivyodondoka. Korongo wawili nao walikuwepo, wa Kirumba kabisa kwa tabia, wamesimama kama mashahidi na kuiba kila nafasi ilipotokea.

Fisi alifika amechelewa. Aliwatimua, akachukua mguu, akaondoka nao. Nusu saa haikuisha, pakabaki mbavu, ngozi na kichwa. Ndege walioshiba walijaribu kuruka wakashindwa, wakakimbia hatua kumi, wakasimama. Wengine walikaa chini mabawa wazi juani.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini hawaugui. Tindikali ya tumbo lao ni kali mno, akasema, pH inakaribia 1. Vijidudu vingi, hata vya kimeta na vya sumu ya nyama iliyooza, vinaishia humo. Mzoga ambao ungesambaza maradhi kwenye kisima na kwenye zizi unaishia kwenye tumbo ambalo maradhi hayavuki. Wakati huo harufu ilikuwa imeingia garini, na mimi sikuendelea kuuliza.

Jumatatu. Kando ya Grumeti

Siku ya polepole. Mamba, viboko, kima. Nitaviruka.

Saa nne dereva alituonyesha kiota kwenye mti mrefu wa kando ya mto. Rundo la vijiti, si kubwa sana, na ndani yake ndege mzima ametulia. Mgongo-mweupe hujenga mitini, mara nyingi viota kadhaa katika eneo moja bila kubanana. Yule wa Rüppell hataki mti, anataka genge, yaani ukuta wa mwamba. Kwa upande huu wa Tanzania anajulikana kuzaliana kwenye magenge ya milima ya Gol, mashariki ya tambarare za Serengeti, zaidi ya kilomita mia moja kutoka tulipokuwa. Na bado jana tulimwona mmoja kwenye ule mzoga: manyoya yake yana kingo nyeupe kama magamba, mdomo wa njano iliyofifia, wakati mdomo wa mgongo-mweupe mzima ni mweusi. Colin Pennycuick aliwafuata angani kwa ndege ndogo ya kuelea yenye injini miaka ya 1970 akathibitisha kuwa masafa hayo kwao ni ya kawaida. Mzazi anaacha kinda gengeni, anasafiri hadi waliko nyumbu, anajaza mfuko wa koo, anarudi.

Tulikaa chini ya kile kiota muda mrefu kuliko dereva alivyopenda. Hesabu yake ndiyo iliyonikamata. Yai moja. Linaatamiwa siku kama 56, dume na jike wakipokezana. Kinda linakaa kiotani miezi minne hivi. Likishajua kuruka bado linategemea wazazi kwa muda. Halizai hadi lifike miaka mitano au sita. Kuku wa nyumbani kwetu akiatamia kwa nasibu anatoa vifaranga kumi, kicheche akila saba bado banda linaendelea. Kwa tumbusi, kifo cha mkubwa mmoja ni hasara ya miaka, na kiota chake nacho kinashindwa kwa sababu kinda moja haliwezi kulishwa na mzazi mmoja.

Ndege hawa wamejengwa kwa maisha marefu na vifo vichache. Kila kitu chao kinategemea wakubwa wasife ovyo.

Mchana upepo, vumbi. Tumelala tena Lamadi.

Jumanne. Kijijini, nje ya hifadhi

Dereva ametupeleka kwa babu yake, mfugaji, upande wa Busega. Tumemkuta chini ya mwembe. "Mwangaluka," alitusabahi, nasi tukaitika tulivyoweza, kisha shemeji akarudia kwa Kiswahili: "Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Vuteni viti."

Alipoambiwa tumekuja kwa habari za tumbusi, hakushangaa. Alisema zamani ng'ombe akifa hukuhangaika. Unamburuta hadi kwenye vichuguu kule, kesho yake jioni unakuta pembe na mifupa. "Siku hizi analala siku tatu, nne. Kijiji kizima kinaziba pua. Wanaokuja ni mbwa tu. Mbwa wa nani, hakuna anayejua."

Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye ng'ombe wake mwenyewe, alikuwa anakaza kamba ya jembe la kukokotwa. Alituuliza bila kuinua kichwa: tumbusi wameenda wapi?

Mwalimu alimweleza bila kuzunguka. Fisi au simba anaua ndama. Mwenye ndama anachukua dawa ya kuulia wadudu, na huku kwenye pamba dawa haikosekani nyumbani, anaipaka kwenye nyama iliyobaki ili mla ndama akirudi afe. Simba anaweza kurudi, anaweza asirudi. Lakini tumbusi mmoja ataiona nyama ile, na mwenzake atamwona akishuka, na wa tatu atamwona wa pili. Ule ujanja wa kuitana kwa macho niliousifu Jumapili ndio unaowaua wote kwa mara moja. Sumu iliyotegewa fisi mmoja inaondoa ndege wa wilaya nzima.

Kisha majangili. Wakiua tembo, ndege wanaozunguka juu wanawaonyesha askari mahali mzoga ulipo. Kwa hiyo wapo wanaotia sumu kwenye mzoga makusudi, kuwaua mashahidi. Juni 2019 huko Botswana zilipatikana maiti za tumbusi 537 kwenye mizoga ya tembo watatu tu. Mwaka 2020 Guinea-Bissau walikufa zaidi ya 2,000 wa jamii ya yule mdogo mwenye uso mwekundu, na huko imani za ushirikina zilihusishwa, maana wapo wanaonunua vichwa vyao. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake kuhusu vifo vilivyoripotiwa barani kote uliona asilimia 61 ni sumu na asilimia 29 ni biashara ya viungo kwa ajili ya dawa za kienyeji. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile uliwaweka mgongo-mweupe na yule wa Rüppell kwenye daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini.

"Nyie mnahesabu ndege," alisema yule bwana. "Mimi mwezi wa pili nilihesabu ndama. Watatu. Kifuta jasho cha serikali nimejaza fomu."

"Ngoja wenzio wamalize," babu alimkatiza.

"Wamalize. Lakini waniambie na la kufanya."

Nilimwelewa, na sitajifanya kwamba hoja yake ni ndogo. Mtu aliyepoteza ndama watatu hana muda wa kupenda tumbusi. Shemeji alimweleza zizi la miiba minene iliyorudishiwa mara mbili na mlango usioacha nafasi, mbwa wa kulinda anayelala zizini, na kuingiza ndama mapema. Yule bwana alisema yote anayajua, shida ni miti ya kujengea zizi, haipo tena karibu. Hilo hatukuwa na jibu lake.

Babu alitaka kusikia habari za India, ambazo mwalimu alizigusia tu. Huko tumbusi walikuwa wengi hadi mijini, wakila ng'ombe waliokufa, kwa sababu Wahindu wengi hawali ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1990 walianza kudondoka, na jamii tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Ilichukua miaka kugundua chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyodungwa ng'ombe. Ng'ombe akifa nayo mwilini, tumbusi akila, figo zinafeli. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Ipo nyingine, meloksikamu, ambayo haiwadhuru.

"Na mizoga ikabaki?"

"Ikabaki, babu."

"Wakaja mbwa."

"Wakaja mbwa wengi, na kichaa cha mbwa."

Babu alimtazama mwanawe, hakusema kitu, akaomba tuletewe maziwa.

Kabla ya kuondoka yule bwana alinifuata garini. Akakuta ndege wamekufa wengi mahali pamoja, afanye nini? Nilimpa niliyofundishwa. Usiwaguse kwa mikono mitupu, usikate nyama ya mzoga huo hata kama inaonekana nzima, zuia watoto na mbwa. Piga simu kwa askari wa wanyamapori au afisa mifugo wa kata. Mzoga wenye sumu ukiachwa hivyo utaendelea kuua, na waliokufa nao wakiliwa wanaua tena, kwa hiyo wahusika wanauteketeza moto au wanaufukia kwa kina. Ndege aliyelewa lakini bado yu hai anaweza kupona akiwahiwa. Akauliza kama mbwa wake wakila watakufa. Nikamwambia ndiyo. "Sawa," alisema, "hilo nitawaambia wengine. Mbwa wana bei."

Jumatano. Kurudi Mwanza

Basi la mchana, viti vya nyuma, joto. Kwa anayetaka kwenda: mwezi wa sita hadi wa saba mwanzoni ndipo nyumbu huwa upande wa magharibi, ingawa mvua ikibadilika nao hubadilika. Ndabaka usiingie alfajiri kwa ajili ya tumbusi, tumia asubuhi kwa wanyama wengine, kisha kuanzia saa tatu tazama juu. Ukiona wanazunguka kwa utulivu wanatafuta tu. Ukiona miguu imeshuka, mwambie dereva. Simama mbali na mzoga upande upepo unakotokea, na usishuke garini. Darubini ya kawaida inatosha, kamera ya simu haitoshi. Chai beba ya kutosha.